Wosia kwa Wajukuu Wanaoingia Ziwani

Wajukuu zangu,

Nimeambiwa kikundi chenu kimepata mkopo wa vizimba vya kufugia samaki, na kwamba mlikuwa mnahofia babu atapinga. Sipingi. Mzee anayewazuia vijana wasishike chombo kipya kwa kuwa yeye hakukishika anawanyima riziki. Nimeona taa za sola zikichukua nafasi ya karabai kwenye uvuvi wa dagaa, nikafurahi, maana mafuta ya taa yalikuwa yakila faida ya usiku mzima. Na kama taa za sola zingetushinda, tungezizima tukawasha karabai zetu.

Sangara hazimiki.

Aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa hoja iliyosikika vizuri: ziwa lina furu wengi, wadogo, wenye miiba, basi aje samaki mkubwa awale, tupate nyama ya kuuza. Wataalamu waliotahadharisha walikuwepo. Miaka ikapita kimya, watu wakaona hakuna neno. Kufikia miaka ya 1980 sangara alikuwa amejaa nyavuni, na aina nyingi sana za furu, ambazo hazikuwahi kuishi popote pengine duniani, zikatoweka.

Siwafichi mema yake. Viwanda vya minofu vya Mwanza vilitokana na yeye, na wengi wamesomeshwa kwa fedha yake. Lakini furu alianikwa juani akakauka. Sangara ana mafuta, lazima abanikwe, na kubanika kunataka kuni. Minofu ikaenda Ulaya, huku nyumbani mama zenu wakigombea mapanki, mifupa iliyobaki baada ya minofu kutolewa. Hayo hakuna aliyeyapigia hesabu siku samaki yule anamwagwa majini.

Hata chombo kisichozaa kinataka sharti. Nyavu za makila zilipoingia mwaka 1905, samaki waitwao ngege walivuliwa kwa wingi hadi wakaanza kuadimika. Mtaalamu wa uvuvi, Michael Graham, alilichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928, akashauri jicho la wavu lisipungue inchi 5. Ikawekwa sheria. Miaka ya 1950, wakati nyavu za nailoni zinaenea, sheria hiyo ikaachwa. Leo ngege mnamjua kwa kusimuliwa tu.

Basi vizimba chukueni, ila anzeni na vichache. Viwekeni penye kina na mkondo, maana mabaki ya chakula na kinyesi yakilundikana chini humaliza hewa ya majini, na samaki hufa kwa usiku mmoja. Fugeni sato. Naye aliletwa miaka hiyohiyo, lakini yumo ziwani tayari. Siku akija mtu na vifaranga wa samaki asiyekuwemo humu, akasema anakua upesi kuliko sato, msianze kumuuliza faida. Muulizeni kwanza: kizimba kikichanika usiku wa dhoruba, nani atamrudisha huyu samaki? Akikosa jibu msitie saini, hata riba iwe nafuu namna gani.

Mteueni mmoja wenu aandike kila siku samaki waliokufa na hali ya maji. Daftari hilo lisomwe mbele ya kikundi chote kila mwezi, na likionyesha ubaya, punguzeni vizimba mwezi huohuo, msingoje mavuno.

Babu yenu,
Ukerewe