Kazi ya Injinia wa Kompyuta Kama Nilivyoiona

Mtu akitaja neno injinia, wengi wetu hapa shuleni hufikiri habari za madaraja, reli na mitambo ya umeme. Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Lakini mama yangu mdogo ni injinia, naye hashiki spana wala havai kofia ngumu. Anafanya kazi Dar es Salaam katika kampuni inayotunza programu za kutuma fedha kwa simu. Likizo ya Desemba nilikaa kwake majuma matatu, na kwa kuwa sisi wa Kidato cha Nne hutakiwa kuchagua masomo ya Kidato cha Tano, nilimwuliza maswali mengi. Napenda kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu niliyoyaona.

Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na mwaka 2008 ikafika Tanzania. Siku hizi hata bibi yangu kijijini hupokea fedha kwa simu. Kwetu ni jambo jepesi: unabonyeza tarakimu chache, fedha zinakwenda. Kwa injinia si jepesi hata kidogo. Baba akimtumia bibi shilingi 10,000, kompyuta inapaswa kufanya mambo mawili: kupunguza fedha za baba na kuongeza za bibi. Je, mtambo ukizimika baada ya jambo la kwanza na kabla ya la pili? Fedha zitapotea njiani. Kwa hiyo programu huandikwa ili ama yatimie yote mawili, ama lisitimie hata moja. Tena, jibu likichelewa, ombi lile lile huenda likatumwa mara ya pili. Basi kila ombi hupewa namba yake, na kompyuta ikiiona namba iliyokwisha kushughulikiwa, haikati fedha tena.

Nilidhani mainjinia hawa hushinda wakibuni mambo mapya. Sivyo. Sehemu kubwa ya siku mama mdogo husoma programu zilizoandikwa na wengine, na baadhi yao walikwisha kuacha kazi zamani. Kila asubuhi hukutana na wenzake kwa dakika chache, na kila mmoja husema alilofanya jana, atakalofanya leo na linalomzuia. Wala hapana mtu anayeruhusiwa kuingiza alichoandika mpaka mwenzake akisome na kukikubali. Hata kazi ya mkubwa wao husomwa. Nilimwuliza kama haoni aibu kusahihishwa na kijana aliyeajiriwa juzi. Akacheka, akasema, "Mwanangu, heri anisahihishe yeye leo kuliko bibi yako alie kesho."

Kisha kuna zamu. Juma moja katika kila majuma manne, simu yake haizimwi usiku. Usiku mmoja kabla ya Krismasi ililia saa nane. Nilipoamka nikamkuta mezani amejitanda khanga, kompyuta imefunguliwa, anazungumza na wenzake wawili kwa sauti ya chini. Maombi ya kutuma fedha yalikuwa yanarundikana bila kujibiwa. Hawakuanza kubahatisha. Waliuliza kwanza ni kitu gani kilichobadilika, wakaona kuwa jioni ile programu mpya ilikuwa imeingizwa. Wakairudisha ya zamani, na ilipofika saa kumi mambo yalikuwa sawa. Nikamwuliza, "Usiku wa manane nani anatuma fedha?" Akanijibu, "Aliyempeleka mgonjwa hospitali. Dereva wa lori aliyeishiwa mafuta njiani. Hao hawawezi kungoja kuche."

Jambo lililonistaajabisha lilikuja kesho yake. Katika mkutano wao hakuulizwa nani mkosaji. Waliuliza kosa lilipitaje macho ya wote walioisoma programu ile, wakaandika taarifa ndefu ili wengine wajifunze. Mama mdogo alisema kwamba watu wakiogopa adhabu huficha makosa, na kosa lililofichwa hurudi likiwa kubwa zaidi.

Nilipomweleza baba haya, hakupendezwa. Yeye alisema injinia ni mtu anayejenga kitu kinachoonekana. Daraja litabaki, na wajukuu watapita juu yake. Maneno yake yana kweli. Mama mdogo mwenyewe aliniambia kuwa programu nyingi alizoandika miaka ya nyuma zimekwisha kufutwa na kuandikwa upya. Zaidi ya hayo, kazi hii haina shukrani. Fedha zikifika, hapana anayepiga simu kushukuru. Zisipofika, lawama ni zao hata pale ambapo kosa si lao. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na mtandao ukazorota Tanzania na katika nchi jirani. Watu wengi walizilaumu kampuni za simu tu.

Nimefikiri sana juu ya neno la baba. Daraja la injinia huyu halionekani, lakini bibi yangu hulivuka kila mwezi anapopokea fedha za dawa, wala hajui kuwa lipo. Naona hilo latosha kuitwa ujenzi. Kwa hiyo nimeandika Fizikia, Hisabati na Sayansi ya Kompyuta kuwa chaguo langu la kwanza, na chaguo la baba, Fizikia, Kemia na Hisabati, nimeliandika la pili. Baba amesema tungoje matokeo.

Nanyi wenzangu mnaoitamani kazi hii, msidhani hesabu peke yake zitawafikisha. Mama mdogo huandika taarifa karibu kila siku, na taarifa isiyoeleweka saa nane ya usiku haimsaidii mtu. Basi tusidharau vipindi vya insha. Tena, ukimaliza zoezi lako, mpe jirani yako alisome kabla ya mwalimu. Akiliona kosa, mshukuru.