Kulizunguka bwawa, na mtu niliyemwacha nyumbani



Leo sikuletei mas-ala ya fiqhi. Nina jambo la kujikosoa mwenyewe, na huenda ukijisoma vizuri ukajikuta na wewe umo ndani yake, hasa wewe mwanaume mwenzangu.

Wanaoijua Sumbawanga wanaijua baridi yake. Tuko juu, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na ikifika Juni na Julai upepo wa Ufipa unaingia mpaka kwenye mifupa. Mgeni kutoka Dar akipanda kilima kidogo tu anahema. Sasa mimi, mwenyeji, nikaanza kuhema kama mgeni. Ijumaa moja nilipanda mimbari, ngazi tatu tu, nikakaa, adhana ikasomwa mpaka mwisho, na pumzi bado haijarudi. Nilipopimwa, presha ikaonekana iko juu. Daktari akaniambia: Shehe, punguza chumvi, na kila siku utembee au ukimbie taratibu.

Nje ya mji, upande wa mashamba ya mahindi, kuna bwawa dogo ambalo wafugaji wananyweshea ng'ombe. Kuna njia ya miguu inayolizunguka lote. Nikawa nikishaswali Alfajiri na kumaliza nyiradi zangu, naenda. Jua linachomoza nyuma ya milima ya Mbizi, ukungu unapanda juu ya maji, wallahi unasema subhanallah bila kukumbushwa.

Unajua jina la mji wetu linavyoelezwa: Sumbawanga, yaani "tupa uchawi". Basi hebu fikiria mwanaume peke yake, asubuhi ya giza giza, anazunguka maji mara tatu! Wiki ya kwanza kijana mmoja mchunga ng'ombe alinikwepa kabisa. Wiki ya pili akanisalimia kwa mbali. Ya tatu akapata ujasiri: "Shehe, unafukuzwa na nini?" Nikamwambia, "Na presha, mwanangu."

Nilipokuwa nikizunguka nilikuwa nakumbuka Umra ya mwaka wa 7 Hijria. Makuraishi walisema Waislamu wanakuja wakiwa wamedhoofishwa na homa ya Madina. Mtume (s.a.w.) akawaamuru maswahaba watembee kwa kasi, kwa mwendo wa kishujaa, katika mizunguko mitatu ya mwanzo ya tawafu, na minne iliyobaki waende kawaida. Ibn Abbas (r.a.) ameeleza kwamba hakuwaamuru kasi katika yote saba kwa sababu ya kuwahurumia tu. Sisemi kuzunguka bwawa ni tawafu, astaghfirullah. Nilichokipenda ni kwamba hata siku ya kuonyesha nguvu mbele ya adui, wenye homa walifikiriwa. Na mimi nikajiona nimeelewa.

Kumbe nyumbani kwangu kulikuwa na mgonjwa ambaye sikumfikiria.

Mke wangu ana kisukari, huu mwaka wa sita. Naye aliambiwa atembee kila siku. Alipoona naenda bwawani akaniambia, "Shehe, kesho twende wote." Nikamjibu: hapana, watu watasemaje, mke wa shehe anakimbia porini? Hakubishana. Alijifunga kanga yake akaingia jikoni. Niliendelea kwenda peke yangu miezi mingi, presha yangu ikashuka, nikawa nawahimiza vijana msikitini wafanye mazoezi, kwa kuwa muumini mwenye nguvu ni bora. Yeye nyumbani sukari ikapanda. Akajikwaa kidole cha mguu, kikawa kidonda, kidonda kikakataa kupona wiki baada ya wiki. Anayeishi na mtu wa kisukari anaijua hofu hiyo. Unafungua bandeji kila asubuhi unatazama rangi ya nyama, unaomba.

Katika siku hizo hizo nilikuwa na darsa ya akina mama. Nikasimulia kisa cha Bibi Aisha (r.a.), alivyoshindana mbio na Mtume (s.a.w.) wakiwa safarini, akamshinda, kisha baadaye, alipokuwa amenenepa, Mtume akamshinda yeye, na akamtania kwamba sasa amelipa. Ninakipenda kisa hiki, nimekisimulia kwenye nikaha nyingi na watu hucheka. Siku hiyo bibi mmoja mtu mzima akanyoosha mkono: "Mwanangu Shehe, na mama wa kwako anakimbilia wapi?"

Hakuwa na nia mbaya. Sikuwa na jibu.

Usiku nikarudi kuisoma hadithi. Ya Abu Dawud naijua, lakini katika mapokezi ya Imam Ahmad kuna sehemu niliyokuwa naipita haraka: Mtume (s.a.w.) aliwaambia watu watangulie mbele, kwanza, ndipo akashindana na mkewe. Mimi kwa kuogopa macho ya watu nilimfungia mke wangu ndani. Yeye, kwa ajili ya mkewe, aliwaondoa watu. Ndugu yangu, hizo njia mbili haziko karibu hata kidogo, na zote mbili zinaitwa kumstiri mke.

Nilimwomba radhi. Alisema, "Kidonda kipone kwanza." Kikapona, alhamdulillah, daktari akamruhusu. Nikamnunulia raba zisizombana, tukawa tunaondoka mapema kabla ng'ombe hawajafika. Yeye anatembea na baibui lake, na mimi nimejifunza kutembea, maana mwanzoni nilikuwa namtangulia bila kujua, nageuka namkuta yuko mbali, peke yake tena.

Juzi tumefika pale njia inapopinda karibu na matete. Akasimama, akatazama nyuma, akatazama mbele. Akaniuliza, "Shehe, watu wametangulia?"

Nikatazama huku na huku. "Hakuna mtu," nikamwambia.

Sijamaliza sentensi, yeye tayari anakimbia. Mpaka sasa sijamlipa.