Siku Tatu Katika Vijiji vya Pwani ya Yorkshire

Wahenga walisema, Kuishi kwingi ni kuona mengi. Nasi twaongeza kwamba kukaa ugenini ni kuona mengi zaidi, mradi mtu asijifungie nyumbani kwa kuogopa baridi.

Sisi tu watu wanne: mimi, mama watoto, mwana wetu wa miaka 12, na dada yake wa miaka 8. Kwetu ni mkoa wa Tanga, lakini kwa ajili ya masomo tulikaa miaka mitatu katika mji wa Durham, kaskazini ya Uingereza. Huko Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa Mei ni siku ya mapumziko kwa watu wote. Basi mwaka 2023 tukaazimu kuzitumia siku tatu zile kwenda kuitazama bahari. Maana mama watoto ni mzaliwa wa Pangani, na mtu wa Pangani akikaa mwaka mzima bila kusikia wimbi, hana raha.

Jumamosi asubuhi tulipanda gari la moshi mpaka Darlington, tukabadili hata Middlesbrough, na kutoka hapo tukashika basi lipitalo juu ya majabali ya pwani. Kijiji cha kwanza kilikuwa Staithes. Nyumba zake zimebanana katika bonde jembamba, huku jabali na huku jabali, na katikati kijito kinachoingia baharini. Vichochoro ni vyembamba kama vile vya Mji Mkongwe wa Unguja, hata mtu mnene akipita, mwenzake hana budi kungoja.

Ufukoni tulikuta mashua ziitwazo coble. Mbele zimeinuka sana ili kukata mawimbi, na nyuma chini ni bapa, zipate kuvutwa mchangani bila kupinduka. Mbao zake hazikuunganishwa ukingo kwa ukingo kama mashua zetu, bali kila ubao umelalia ule wa chini, kama makuti ya paa. Mwana wetu alizizunguka mara mbili, akauliza, "Baba, mbona hazina matengo kama ngalawa?" Nikamjibu kwamba ngalawa hushikwa na matengo yake isipinduke, na hizi hushikwa na upana wa tumbo lake, kila watu hujifunza kwa bahari yao.

Kijiji hiki kina sifa moja kubwa. Mwaka 1745 kijana mmoja wa miaka 16, mwana wa mfanya kazi wa shamba, aliletwa hapa ashike kazi dukani. Kijana yule ni James Cook. Alivumilia duka karibu mwaka mmoja na nusu, huku macho yake yako baharini. Kisha mwaka 1746 akaenda Whitby, akawa mwanafunzi wa ubaharia kwa tajiri mmoja wa merikebu za makaa. Baadaye akawa nahodha aliyeizunguka dunia na kuchora ramani za bahari ya Pasifiki.

Lakini Staithes lina huzuni yake. Zamani kijiji kilijaa wavuvi. Leo mashua zitokazo kuvua ni chache mno. Nyumba nyingi ni za watu wa miji mikubwa, wajao siku za joto na kuzifunga siku za baridi. Tulipita mlango baada ya mlango tukaona rangi nzuri na maua dirishani, wala hapana sauti ya mtoto ndani. Huko Whitby jambo hili liliwachosha wenyeji, hata mwezi wa Juni mwaka 2022 wakapiga kura, na zaidi ya watu tisa katika kila kumi walisema kwamba nyumba mpya ziuzwe kwa wale watakaokaa humo mwaka mzima tu. Kura ile haikuwa na nguvu ya sheria, walakini ilionyesha mioyo yao. Wenzetu wa pwani ya Afrika ya Mashariki wanaouza viwanja vya ufukoni kwa bei ya haraka na walitafakari hili: pwani inaweza kupendeza macho ya wageni na huku imekosa wenyewe.

Jioni tulifika Whitby, tukalala katika nyumba ya wageni. Jumapili asubuhi tulipanda ngazi 199 ziendazo kanisani na kwenye magofu ya monasteri juu ya jabali. Binti yetu alizihesabu zote kwa Kiswahili, kwa sauti, hata bibi mmoja Mwingereza akasimama kumsikiliza akicheka kwa furaha. Monasteri ya kwanza ilianzishwa mwaka 657, na mkuu wake alikuwa mwanamke, Hilda, aliyewaongoza watawa wanaume na wanawake pamoja. Mwaka 664 wakuu wa kanisa walikutana hapo kukata shauri juu ya hesabu ya siku ya Pasaka. Magofu yaliyopo sasa ni ya jengo lililokuja karne nyingi baadaye.

Habari iliyowapendeza watoto ni ya Caedmon. Huyu alikuwa mchunga ng'ombe wa monasteri, mtu asiyejua kuimba. Karamuni, kinubi kilipozungushwa ili kila mtu aimbe, aliondoka kwa haya akaenda zizini. Usiku mmoja aliota anaamriwa kuimba habari za kuumbwa ulimwengu, na alipoamka akaweza. Hakuimba kwa Kilatini cha wenye elimu, bali kwa lugha ya nyumbani kwake. Habari hizi ziliandikwa na Beda, ambaye kaburi lake limo katika kanisa kuu la Durham, mahali tulipopita karibu kila juma bila watoto kujua ni nani alalaye pale. Waalimu watajua jinsi mambo yanavyokaa kichwani mwa mtoto yakipata mahali pa kushikamana.

Alasiri tulishuka bandarini. Kuna nyumba ya ukumbusho wa mashua za kuokolea watu, na mzee mmoja mlinzi alitusimulia habari ya tarehe 9 Februari 1861. Siku ile dhoruba iliwatupa merikebu nyingi pwani. Mabaharia wa mashua ya wokovu walitoka mara tano, na kila mara wakarudi na watu. Walipotoka mara ya sita, wamechoka, wimbi liliipindua mashua karibu na ukuta wa bandari, mbele ya macho ya watu wengi. Walikuwa 13, wakafa 12. Aliyepona ni Henry Freeman peke yake, na sababu yake yajulikana: yeye alikuwa amevaa kizibao kipya cha kuelea, kilichoshonwa kwa vipande vya gome jepesi. Baadaye Freeman akawa nahodha wa mashua ya wokovu kwa zaidi ya miaka 20.

Mama watoto alisikiliza bila kusema neno. Tulipotoka nje aliketi juu ya ukuta, akasema nami polepole, watoto wakitazama shakwe. Kaka yake alikufa maji, siku za kusi, ngalawa yake ikionekana kwa mbali. "Siku ile," alisema, "pwani nzima ilisimama ikitazama. Hapana aliyekosa huruma. Lakini hapakuwa na chombo kilichowekwa tayari, wala mtu aliyejua kwamba leo ni zamu yake. Kila mtu alimtazama mwenzake. Kulipokucha ndipo walipokwenda kumtafuta." Miaka mingi tumeoana, na maneno hayo sikuwa nimeyasikia kwake. Hunena tu kwamba kaka yake alichukuliwa na bahari.

Mwana wetu, kumbe alikuwa amesikia, akarudi kwa yule mzee akamwuliza, "Siku hizi nani huenda?" Mzee akamjibu kwamba huenda mwoka mikate, na fundi wa motakaa, na mwalimu, karibu wote ni watu wenye kazi zao, nao hawapati mshahara. Kila mmoja huchukua chombo kidogo cha kumwita, na kikilia huacha kazi na kukimbia. Chama chao kilianzishwa mwaka 1824, hutegemea zaidi sadaka za watu, na tangu hapo kimeokoa watu zaidi ya 140,000. Mama watoto alitoa kitambaa chake, akafungua fundo, akatia fedha katika sanduku la mlangoni.

Jumatatu tulikwenda Robin Hood's Bay, mwendo wa maili kama 6 kusini ya Whitby. Kijiji hiki kimeng'ang'ania mteremko mkali sana, na motakaa za wageni huachwa juu. Husimuliwa kwamba zamani magendo ya chai na vileo yalipitishwa nyumba kwa nyumba toka ufukoni hata kilimani, bila kuonekana nje. Bahari hula nchi mahali hapa, hata mwaka 1975 ukajengwa ukuta mrefu wa kuikinga miji ya watu. Maji yakipwa, miamba myeusi huonekana imepangwa kama mistari ya daftari, na watoto waliokota kaa na konokono, wakawarudisha. Tuliuliza saa ya maji kujaa kabla ya kushuka, tukapanda mapema.

Hapo nako kuna habari. Mwezi wa Januari mwaka 1881 merikebu iitwayo Visiter ilizama katika ghuba hiyo, na mabaharia sita wakabaki katika mashua yao ndogo. Mashua ya wokovu ya Whitby haikuweza kwenda kwa bahari. Basi wakaivuta kwa nchi kavu, farasi 18, watu kama 200 wakifukua theluji njiani, kupita kilima hata kuteremka kijiji kile chenye mteremko. Walipoingia majini makasia yalivunjika, wakarudi. Wakajaribu tena, na wote sita wakaokolewa.

Msomaji asiseme kwamba hayo ni ya watu wenye mali. Wavuvi wale walikuwa maskini. Wala asiseme kwamba kwetu hapana ushujaa; mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na gati la Ukara, watu zaidi ya 220 wakafa, na katika wale waliowahi kuwaokoa waliopona walikuwamo wavuvi wa hapo. Ushujaa tunao. Tunachopungukiwa ni matayarisho. Twasema, Chombo cha kuzama hakina usukani, na ni kweli. Lakini aliyevaa kizibao cha kuelea hazami pamoja na chombo chake.

Basi kwa wazazi na waalimu wa pwani na wa maziwa, haya yawezekana bila fedha nyingi. Watoto wafundishwe kuogelea, wasichana kama wavulana. Mvuvi atokapo na aseme anakwenda wapi na atarudi lini, na awepo mtu wa kuiangalia saa hiyo. Kila kijiji kichague chombo kimoja na watu wachache wenye zamu, majina yao yajulikane, hata siku ya dhoruba mtu asimtazame mwenzake akiuliza nani aende. Mama watoto amekwisha kuwaandikia ndugu zake wa Pangani barua ya namna hiyo. Wamejibu kwamba watakutana baada ya kusi.