Kisu cha Mkono Mmoja

Shilingi 6,500. Nilipowatajia marafiki zangu wa Nairobi bei hiyo, mmoja aliuliza kama kisu chenyewe kinakuja na ng'ombe. Namwelewa. Pale stendi ya Migori wachuuzi wanauza visu vya kukunja kutoka Uchina kwa soo tatu, vimepakwa rangi nyeusi, vingine vina tochi na kifungua soda. Kata kamba mara kumi uone, makali yamelala.

Lakini nilikuwa namtafutia babu. Tangu apigwe na kiharusi, mkono wake wa kushoto haushiki kitu. Anaishi upande wa Ndhiwa, katikati ya mashamba ya miwa, na kuna jambo moja amelikataa katakata: kumenyewa muwa. Shangazi akimletea vipande kwenye sahani, anaisukuma kando kama mtoto aliyepewa dawa. Muwa anaubana kwa magoti mwenyewe. Kisu cha kawaida cha jikoni hakitaki, kwa sababu anatembea na chake mfukoni mwa koti, na wajukuu wadogo wamejaa pale bomani. Kile chake cha zamani ni Okapi, aina iliyoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa soko la makoloni ya Afrika na ambayo siku hizi hutoka Afrika Kusini. Kizuri sana, ila pete ya kuachia kufuli inataka mikono miwili.

Fundi wa kwanza nilimpata Migori, nyuma ya gereji moja. Kijana, mashine zake safi, anatengeneza visu vichache kwa mwezi. Alichonionyesha kilinitoa udenda, sitadanganya. Ubapa wa chuma kisichoshika kutu, mpini wa pembe ya ng'ombe uliong'arishwa hadi ukawa kama asali. Unasukuma kwa kidole gumba, kinafunguka tak! Ndani ya mpini kuna ulimi mwembamba wa chuma unaoruka na kuuzuia ubapa usirudi. Nilikikagua kama nilivyosoma: nikakitikisa kikiwa wazi, hakikucheza, nikakikunja, ubapa ukakaa katikati bila kugusa upande wowote. Kazi ya mtu anayejiheshimu.

Shida ni kukifunga. Lazima gumba liusukume ule ulimi kando, na kwa sekunde moja hivi gumba hilo liko kwenye njia ya makali. Kwangu mimi si neno. Kwa mkono unaotetemeka, bila mwenzake wa kuusaidia, hapana. Nilimwambia fundi ukweli, naye hakununa. "Basi mzee wako anataka kisu kisicho na kufuli," akasema, na akanielekeza kwa mtu wa Homa Bay.

Nikapanda matatu, Awendo, Rongo, kisha tukakata kushuka ziwani. Eneo hili halikuanza jana kufua chuma. Kule Thimlich Ohinga, kwenye zile kuta za mawe zilizoingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018, zimebaki athari za kazi ya chuma. Nasema hivi kwa sababu watu hutuambia eti kisu cha maana lazima kitoke ng'ambo.

Jatheth wa Homa Bay ni mtu mzima. Moto wake unapulizwa na feni inayozungushwa na gurudumu la baiskeli, na chuma chake ni springi za lori kuukuu. Anapasha ubapa hadi sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio ikatae kuushika, ndipo anauzamisha kwenye mafuta. Kisha anaupasha tena polepole hadi ugeuke rangi ya nyasi kavu, kwa sababu chuma kigumu mno huvunjika kama sahani.

"Mwanangu, mkono wa mzee una ukubwa gani?"

Nilikuwa nimeuchora kwenye karatasi ya daftari. Aliuweka wake juu ya mchoro, akacheka, kisha akanichorea mkia.

Wazo ni rahisi, na Wajapani wamelitumia tangu mwisho wa karne ya 19 kwenye visu wanavyoita higonokami. Nyuma ya ubapa kunaachwa mkia mfupi unaotokeza nje ya mpini. Unaugandamiza mkia kwenye meza, kisu kinafunguka. Ukikata, gumba linaukalia, na ubapa hauendi popote. Ukimaliza, unasukuma mgongo wa ubapa kwenye paja, kinajikunja. Hakuna springi wala kufuli, ni ribiti moja tu iliyokazwa vizuri. Bei ikawa 6,500 ileile, nusu mkononi, nusu baada ya wiki tatu. Sikuomba apunguze.

Kina ila zake. Kinashika kutu usipokifuta na kukipaka mafuta ya kupikia, na kwa sura hakimfikii yule mrembo wa Migori hata kidogo.

Babu alikipindua mara mbili, akaugandamiza mkia kwenye ukingo wa kiti. Kikafunguka. Akaniuliza nimekinunua kwa pesa ngapi, nikasema elfu moja. Akasema nimeibiwa, kisha akamtuma mtoto akamletee muwa.