Buni Tulizolima Bila Kuzionja

Jamani, sisi kwetu Ngozi, Burundi, tulizaliwa ndani ya kahawa. Nyuma ya nyumba mibuni, pembeni migomba. Lakini kahawa ya kunywa hatukuijua. Buni ilikuwa pesa tu: unachuma zikiwa nyekundu, unabeba kwa kikapu mpaka kituo cha kuoshea, wanapima, basi, zimekwenda Ulaya. Sie tulirudi kunywa zetu pombe ya ndizi. Wazee walitusimulia kwamba miaka ya 1930 Wabelgiji waliwalazimisha wakulima kupanda mibuni, na kuing'oa ilikuwa kosa. Kitu cha kulazimishwa hakipendwi upesi. Sisi tunaona ndiyo maana hakuna aliyejali kuikaanga.

Tumekuja kujifunza huku Nyarugusu, baada ya kukimbia mwaka 2015. Aliyetufundisha ni mama mmoja Mkongo wa Uvira tuliyezoeana naye sokoni. Alitucheka kweli: "Nyie watu wa Ngozi, kahawa mfundishwe na mimi?"

Shida ya kwanza ilikuwa kuni. Mnajua wenyewe kuni zinakofuatwa, na hatari wanayokutana nayo mama zetu na dada zetu huko njiani. Baba alisema wazi, moto wa nyumba hii ni wa maharage, si wa starehe. Alikuwa na haki. Kwa hiyo tunangoja maharage yaive, halafu tunatumia makaa yanayobaki, tukiongeza magunzi ya mahindi mwishoni. Yanatosha kabisa kwa konzi mbili za buni.

Sufuria iwe kavu, na ndogo. Koroga bila kuacha, hata mtu akibisha hodi aingie mwenyewe. Buni mbichi ni za kijani. Zitageuka manjano na kunukia kama majani makavu, kisha kama mkate. Zikiwa kahawia utasikia zinalia pa! pa! kama bisi. Hapo wengine wanaepua. Yule mama alitaka tuendelee mpaka zilie mara ya pili, mlio mdogo mdogo, na mafuta yaanze kung'aa juu. Sisi tunaepua katikati, maana zikizidi unakunywa moshi. Ukiepua, mimina kwenye ungo upesi upepete, zipoe na maganda yapeperuke, la sivyo zinaendelea kuiva zenyewe. Zilaze mpaka kesho ndipo utwange.

Watoto wetu waliozaliwa hapa kambini wanajua harufu hiyo, ila mbuni wenye matunda hawajauona. Siku moja wakauliza, hizi tulizokaanga tukizipanda zitaota? Baba akacheka, siku nyingi hajacheka hivyo. Akawaeleza kwamba buni iliyopita motoni imekufa. Inayoota ni mbichi, ya msimu huu, yenye ganda lake. Wakasema basi tutafute. Hapo akanyamaza. Tulielewa kwa nini. Mbuni unataka miaka mitatu au minne ndipo uzae, na mtu akipanda mbuni mahali ni kama amekubali kukaa. Na ile ya kwetu Ngozi, bila mtu wa kuipogoa, inarefuka tu na kuzaa kidogo. Anaifikiria kila siku, ingawa hasemi.

Mjadala ulichukua juma zima. Mama ndiye aliyeumaliza, akasema mche ukiwa kwenye kopo unabebeka. Tukamwagiza muuzaji wa sokoni, akatuletea buni chache zenye ganda, za mashamba ya huku huku Kigoma. Tumezipanda nne, kila moja na kopo lake la mafuta ya kula, tumetoboa chini, kivulini. Zinachukua kama miezi miwili kuchomoza. Baba anasema tunamwaga maji mengi mno, na asubuhi anaamka kabla yetu kwenda kugusa udongo kwa kidole.