Shela: Mgeni Alipolala Bila Kulipa

Ukishuka Lamu na kushika njia ya ufuoni, utatembea kama kilomita 3 kufika Shela. Mizigo hubebwa na punda. Ukishaupita msikiti wa Ijumaa uliojengwa mwaka 1829, ingia vichochoroni, uyatazame madaka ya nyumba za mawe: vibaraza vyenye viti vya mawe, mbele ya mlango.

Usiyapite hivi hivi. Katika karne ya 19, majahazi yalikuja pwani hii na kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, yakangoja kusi ndipo yarudi. Hoteli hazikuwapo. Mfanyabiashara mgeni alikaribishwa dakani, na hapo ndipo bei zilipozungumzwa. Usiku alilala sabuleni, chumba cha wageni kilichotengwa na vyumba vya jamaa. Duka na malazi, basi, vilikuwa nyumba moja, na dhamana ilikuwa uaminifu.

Siku hizi mgeni hulipa. Hoteli ya Peponi ilifunguliwa mwaka 1967, na nyumba nyingi za kale zimenunuliwa na watu wa mbali. Kazi zimepatikana, naam, lakini kijana wa Shela atanunua wapi kiwanja kwa bei za leo?

Ukizuru na jamaa zako, nunua kwenye maduka ya wenyeji, uwaamkie wazee barazani. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kupona kwake kunakutegemea wewe pia.