Kabla ya kuwasha Cobra, tafuta mwalimu: Safari ya barabara za California na Arizona

UKITOKA Los Angeles kwa barabara namba 60 kuelekea mashariki, baada ya kilomita 100 hivi unafika mji wa Moreno Valley. Vilima vyake vimekauka, rangi yake ni ya udongo, na hewa ya mchana ina joto la kukausha koo. Kivutio kikubwa cha familia hapa ni jengo la maduka lililofunguliwa mwaka 1992. Wazazi husukuma vitoroli, watoto hudai aiskrimu, na magari hujipanga kwa utulivu kwenye maegesho.

Wengi wanaoegesha hapo hawajui kwamba ardhi hiyo iliwahi kuwa sehemu ya uwanja wa mbio za magari wa Riverside, uliofunguliwa mwaka 1957 na kufungwa mwaka 1989. Na ni hapo hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Carroll Shelby alipoanzisha shule ya kufundisha watu kuendesha magari yenye nguvu. Mwalimu wake alikuwa kijana aliyeitwa Peter Brock.

Shelby alikuwa mtu wa Texas, aliyewahi kufuga kuku kabla hajawa dereva wa mbio. Mwaka 1959 alishinda mbio za saa 24 za Le mans, Ufaransa, akipokezana usukani wa Aston Martin na Roy Salvadori. Mwaka uliofuata ugonjwa wa moyo ulimlazimisha aache mbio. Mwaka 1962 akaleta gari lililompa jina kubwa zaidi: alichukua bodi jepesi la kampuni ya AC ya Thames Ditton, Uingereza, akatia ndani yake injini ya Ford ya silinda nane. Gari hilo likaitwa Cobra.

Inafaa kukumbuka kwamba mtu huyo huyo aliyetengeneza gari la kutisha alikuwa pia na shule. Hakuona kwamba kuuza nguvu na kufundisha watu kuimudu ni mambo mawili tofauti.

Nyoka bado yupo barabarani

Cobra za mwanzo ni chache, na bei yake leo ni ya matajiri wakubwa. Lakini umbo lake halikufa. Kampuni kadhaa hutengeneza magari ya sura ile ile yenye vipuri vya kisasa. Mengine huuzwa vipandevipande, mnunuzi akajiundia gereji kwake. Mengine, kama yale ya Superformance, huundwa Afrika Kusini katika mji wa Gqeberha, ule uliokuwa ukiitwa Port Elizabeth, kisha husafirishwa kwa meli hadi Marekani na kwingineko.

Wanunuzi wengi si vijana. Ni watu waliomaliza kulipa mkopo wa nyumba, watoto wamekua, na ndoto ya ujana imepata nafasi kwenye gereji. Jumapili asubuhi gari hutolewa nje, mke au mume anakaa kiti cha pembeni, na safari ya milimani inaanza.

Hapo ndipo hesabu inapotakiwa. Toyota IST inayojaa mitaa ya Dar es Salaam ina injini ya lita 1.3 au 1.5. Cobra ya 427, iliyotoka mwaka 1965, ina injini ya lita 7 na nguvu za farasi zaidi ya 400, ilhali uzito wake ni tani moja na ushei tu. Umbali kati ya matairi ya mbele na ya nyuma ni mita 2.29, mfupi kuliko hata wa IST. Gari fupi hugeuka upesi, na likianza kuserereka huzunguka upesi vilevile. Cobra za zamani hazina mfumo wa kuzuia breki kujifunga, hazina kifaa cha kuzuia matairi kuserereka, wala mifuko ya hewa. Nakala nyingi za leo nazo ni hivyo hivyo. Kati ya kosa la mguu na ukuta hakuna kompyuta ya kuamulia.

Mtu aliyezoea gari la kisasa kwa miaka 30 huenda hajawahi kujua ni mara ngapi kompyuta ilimwokoa. Anajiona dereva mzuri, na pengine ni mzuri kweli, ila kwa gari lile.

Somo la Santa Clarita

Kaskazini mwa Los Angeles kuna mji wa Santa Clarita, wenye mitaa mipana na miti kando ya lami. Novemba 30, 2013, mwigizaji Paul Walker, anayejulikana duniani kote kwa filamu za Fast and Furious, alifia hapo. Alikuwa ametoka kwenye shughuli ya hisani ya kuwasaidia waathirika wa kimbunga Ufilipino. Alikaa kiti cha abiria ndani ya Porsche Carrera GT. Usukani ulishikwa na rafiki yake, ambaye naye alifariki. Gari liliacha njia, likagonga nguzo ya taa na miti, kisha likawaka moto.

Wachunguzi walisema chanzo kilikuwa mwendokasi: kati ya kilomita 130 na 150 kwa saa, mahali ambapo kikomo ni 72. Walieleza pia kwamba matairi yalikuwa na umri wa miaka tisa. Na aliyekuwa akiendesha hakuwa mgeni wa mambo haya. Alikuwa mzoefu wa mbio za magari.

Kwa hiyo ujuzi peke yake haukutosha. Jambo hili ndilo gumu zaidi kwa anayechagua mafunzo, maana shule nyingi hujitangaza kwa kuuza ujuzi.

Norway waliligundua kwa njia yao. Katika nchi hiyo ya theluji, madereva wapya walitakiwa kupitia mafunzo ya kuendesha kwenye utelezi. Watafiti walipofuatilia matokeo, waliona kwamba vijana wa kiume waliofunzwa walipata ajali za utelezi kwa wingi zaidi, si kwa uchache. Walikuwa wamefundishwa namna ya kulirudisha gari linaloserereka, wakatoka wakiamini hakuna utelezi utakaowashinda, wakaongeza mwendo. Baadaye mafunzo ya aina hiyo katika nchi za eneo hilo yalibadilishwa ili mwanafunzi aone kwa macho yake jinsi gari linavyoweza kumshinda, na ajifunze kupunguza mwendo mapema.

Jangwani, kwa mtu aliyevunjika miguu

Barabara namba 60 inaungana na njia kuu namba 10 karibu na Beaumont. Kutoka hapo ni jangwa, mitambo ya upepo na malori hadi Arizona. Karibu na Phoenix kuna mji wa Chandler, na ni kwenye viunga vyake, katika ardhi ya jamii ya wenyeji wa Gila River, Bob Bondurant alipohamishia shule yake mwaka 1990.

Bondurant aliwahi kumwendeshea Shelby. Mwaka 1964, yeye na Dan Gurney walishinda daraja la magari ya GT huko Le Mans wakiwa na Cobra ya Daytona. Miaka mitatu baadaye, katika uwanja wa Watkins Glen, jimbo la New York, chuma cha usukani wa gari lake kilikatika akiwa katika mwendo wa kilomita 240 hivi kwa saa. Gari lilipinduka mara kadhaa. Aliumia vibaya miguuni, na madaktari walikuwa na shaka kama angetembea tena sawasawa.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Akiwa kitandani alipanga namna ya kufundisha, na mwaka 1968 akafungua shule California. Miongoni mwa waliopitia mikononi mwake ni Paul Newman, alipojiandaa kwa filamu ya Winning. Shule ilihama mara kadhaa kabla ya kufika Arizona, na baadaye ikabadili wamiliki na jina. Bondurant alifariki mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 88.

Katika shule za namna hii, mgeni hushangaa kwamba somo la kwanza si mwendo. Ni namna ya kukaa: mgongo uguse kiti, viwiko vikunjwe kidogo, mguu ufike kwenye klachi bila kunyooka kabisa. Somo la pili ni macho. Gari huelekea yanakoelekea macho; anayekodolea ukuta huugonga ukuta. La tatu ni miguu: breki zikamilishwe gari likiwa limenyooka, kabla ya kona, na mafuta yakanyagwe taratibu wakati wa kutoka.

Kisha huja utelezi. Uwanja mpana hulowanishwa maji, au gari hufungiwa vigurudumu vya pembeni vinavyolipunguzia mshiko. Hapo mwanafunzi hugundua kosa linaloua wengi: kuingia kona kwa kasi, kuogopa, kisha kuachia mafuta ghafla. Uzito unakimbilia mbele, matairi ya nyuma yanakuwa mepesi, na mkia wa gari unatangulia. Kwa kilomita 40 kwa saa, ndani ya uwanja mtupu, kosa hilo linaleta kicheko. Kwenye barabara ya mlimani linaleta msiba.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Swali la kwanza ni gari litaendeshwa wapi. Kama ni barabarani, mafunzo ya kwanza yawe ya barabara. Uingereza, kwa mfano, kuna taasisi ya madereva wa kiwango cha juu iliyoanza mwaka 1956, ambapo mtu huelekezwa ndani ya gari lake mwenyewe katika njia za kila siku. Siku ya utelezi ifuate. Uwanja wa mbio uwe wa mwisho, na si lazima kila mtu aufikie.

La pili ni gari la kujifunzia. Ni busara kuanza na la shule, mradi liwe linasukumwa na matairi ya nyuma na lina gia za mkono, kisha kumalizia na la kwako. Shule inayofundisha kwa gari linalosaidiwa na kompyuta kwa kila kitu haimwandai mwenye Cobra.

La tatu ni mwalimu. Je, anakaa pembeni ya mwanafunzi, au anapunga mkono kutoka mbali? Je, matangazo yake yanaahidi muda wa haraka wa kuzunguka uwanja, au yanazungumzia kurudi nyumbani salama? Mwalimu mzuri hatachoka kumwambia mwanafunzi apunguze.

La nne ni gari lenyewe. Viwanja vingi havipokei gari la wazi lisilo na bomba imara la kukinga vichwa likipinduka. Katika baadhi ya nakala bomba hilo ni la urembo tu, limefungwa kwenye bodi la faiba badala ya fremu. Kipimo cha kawaida ni kuweka fimbo kutoka juu ya bomba hadi mbele. Kofia ya dereva aliyekaa lazima ibaki chini ya fimbo. Matairi nayo yaangaliwe tarehe. Pembeni kuna tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari la Jumapili huzeesha matairi kabla ya kuyamaliza, hivyo mashimo ya tairi yasimdanganye mtu. Bima isomwe pia, kwa kuwa nyingi hazilipi ajali ya uwanjani.

Swali la mwisho ni la nyumbani. Yule anayekaa kiti cha pembeni kila Jumapili naye apewe siku yake ya mafunzo. Akishajua gari linavyoserereka, neno lake la "punguza" halitachukuliwa tena kuwa woga, na kwenye gari lisilo na kompyuta, huyo ndiye msaidizi pekee aliyepo.